Michezo ya Darasani katika Mazoezi ya Hesabu za Msingi za Kujumlisha na Kutoa: Ufafanuzi kwa Darasa la Kwanza na la Pili Nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna michezo ya darasani inavyoweza kumsaidia mwanafunzi wa Darasa la Kwanza na la Pili kufikia hatua ya kukumbuka hesabu za msingi za kujumlisha na kutoa bila kutegemea vidole wala vijiti. Hoja inayojengwa ni kwamba thamani ya mchezo hupimwa kwa mambo mawili: idadi ya majibu ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuyatafuta, na aina ya fikra inayomfikisha kwenye majibu hayo. Kwa vigezo hivyo, baadhi ya michezo iliyozoeleka, hususani ile ya kuondoana, humnyima mazoezi mwanafunzi anayeyahitaji kuliko wenzake. Michezo kadhaa inachambuliwa, ikiwemo ya kuficha vizibo, mdako, njia ya namba na dhumna.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2015 Tanzania Bara ilianza kutekeleza mtaala wa Darasa la I na II uliojikita katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Katika stadi ya Kuhesabu, kujumlisha na kutoa huchukua nafasi kubwa ya muda wa kipindi, na kwa kawaida mwanafunzi huanza kwa kutumia vihesabio: kokoto, mbegu, vijiti au vizibo vya soda. Hatua hiyo haina kasoro. Tatizo hujitokeza pale mwanafunzi anapobaki hapo. Ni jambo la kawaida kukuta daftari la mwanafunzi wa Darasa la Pili, au hata la Tatu, likiwa na vijiti vilivyochorwa pembeni mwa kila swali: vijiti vinane, kisha vitano, kisha vyote vikahesabiwa upya kuanzia moja hadi kumi na tatu. Jibu ni sahihi na mwalimu huweka alama ya vema.

Gharama ya mwendo huo huonekana baadaye. Mwanafunzi anayepewa 48 + 35 hupaswa kujumlisha mamoja, kukumbuka kumi moja inayobebwa, kujumlisha makumi, kisha kuongeza ile iliyobebwa. Iwapo kila hatua inamlazimu kuchora vijiti, akili yake hujaa kazi ya kuhesabu, na ile kumi iliyobebwa husahaulika. Kosa linalojitokeza kwenye daftari huonekana kuwa kosa la kubeba, ilhali chanzo chake ni kutokumbuka kwamba 8 + 5 ni 13. Vivyo hivyo, tathmini ya stadi za kuhesabu kwa madaraja ya awali ijulikanayo kama EGMA, ambayo ilitumika nchini Tanzania mwaka 2013, humpa mtoto maswali 20 mepesi ya kujumlisha na sekunde 60 za kuyajibu. Mchora vijiti hawezi kufika mbali ndani ya muda huo, hata kama anaelewa barabara maana ya kujumlisha.

Mazoezi yanahitajika, basi, na yanahitajika kwa wingi. Swali la makala haya ni mazoezi ya namna gani. Kuimba jedwali kwa pamoja huzalisha sauti nzuri na utaratibu, lakini mwanafunzi asiyejua huweza kufungua mdomo pamoja na wenzake mwaka mzima bila kugundulika.

2.0 Hesabu Mia Moja na Namna Zinavyopungua

Hesabu za msingi za kujumlisha ni zile zinazounganisha tarakimu mbili kuanzia 0 hadi 9. Zikipangwa katika jedwali la safu kumi na mistari kumi huwa 100, na kila moja ina mwenzake wa kutoa. Idadi hiyo hutisha inapochukuliwa kuwa orodha ya kukariri. Jedwali lenyewe, hata hivyo, lina marudio mengi, na mwalimu anayepanga michezo anapaswa kuyajua kabla ya kuchagua mchezo wowote.

Kwa kuwa 3 + 8 na 8 + 3 zina jumla moja, hesabu 100 hushuka hadi 55. Kati ya hizo, 10 zina sifuri, nazo hazihitaji kukaririwa bali kueleweka. Nyingine 9 ni za kuongeza moja, ambazo ni sawa na kutaja namba inayofuata. Zinabaki 36. Namba pacha, kuanzia 2 + 2 hadi 9 + 9, ni 8, na watoto wengi huzishika mapema kuliko nyingine, zinabaki 28. Jozi zinazokamilisha kumi ambazo bado hazijahesabiwa ni tatu tu, yaani 2 + 8, 3 + 7 na 4 + 6, zinabaki 25. Hesabu za kuongeza mbili zilizosalia ni 6, na pacha jirani kama 3 + 4 au 7 + 8, ambazo hupatikana kwa kuongeza moja kwenye namba pacha, nazo ni 6. Zinabaki 13. Katika hizo, 5 zina tisa ndani yake, na tisa huitafuta kumi kwa hatua moja. Mwishoni husalia hesabu 8: 3 + 5, 3 + 6, 3 + 8, 4 + 7, 4 + 8, 5 + 7, 5 + 8 na 6 + 8.

Mpangilio huo una athari ya moja kwa moja katika uchaguzi wa michezo. Mchezo unaotupa maswali kiholela kutoka jedwali zima hutumia muda mwingi kwenye yale ambayo mtoto tayari anayajua. Mchezo wa namba pacha, ukifuatiwa na mchezo wa kukamilisha kumi, hufungua sehemu kubwa ya jedwali kwa muda mfupi.

Lugha ya Kiswahili nayo hutoa msaada ambao haujatumiwa ipasavyo. Mtoto anayejifunza kwa Kiingereza hukutana na majina ya 11 na 12 ambayo hayamwonyeshi kumi iliyomo ndani yake. Katika Kiswahili sanifu, “kumi na tatu” inataja kumi na inataja tatu. (Mwambao ulikuwa pia na edashara, thenashara na thelatashara, zenye asili ya Kiarabu, lakini hazikuingia katika matumizi ya shule.) Mtoto anayekokotoa 9 + 4 kwa kuhamisha kizibo kimoja kutoka kwenye fungu la nne kwenda kwenye fungu la tisa huona mbele yake kumi na tatu, kutaja jibu ni kusoma kile kilichopo mezani. Msaada huo hukoma kwenye makumi, kwani ishirini, thelathini na wenzake hazionyeshi mbili wala tatu za Kibantu zilizozoeleka. Ndani ya ishirini ya kwanza, ambako ndiko ziliko hesabu zote za msingi, lugha iko upande wa mwanafunzi.

3.0 Kutoka Kuhesabu hadi Kukumbuka

Carpenter na Moser, katika utafiti wao wa mwaka 1984 uliofuatilia watoto kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, walionyesha kwamba mtoto hapiti moja kwa moja kutoka kutojua hadi kukumbuka. Huanza kwa kuhesabu vitu vyote vya mafungu mawili. Baadaye huacha kulihesabu upya fungu la kwanza na kuendelea kutoka pale lilipoishia. Kisha hugundua kwamba ni nafuu kuanza na fungu kubwa, hata kama limetajwa la pili: kwa 2 + 7 huanza na saba, akasema nane, tisa. Sambamba na hayo huanza kutumia hesabu anazozijua kupata asizozijua, na hatimaye nyingi hukumbukwa papo kwa papo.

Kwa msingi huo, swali la kuuliza kuhusu mchezo wowote ni hili: je, kanuni zake zinamsukuma mtoto hatua moja mbele, au zinamruhusu abaki alipo? Dadu mbili zenye vitone humruhusu mtoto kuhesabu vitone vyote kuanzia moja, na atafanya hivyo mchezo mzima bila kubadilika. Dadu moja ikiandikwa tarakimu na nyingine ikabaki na vitone, vitone vya ile ya kwanza havipo tena vya kuguswa. Mtoto hulazimika kuanzia kwenye namba aliyoisoma na kuendelea. Badiliko ni dogo, nalo halina gharama zaidi ya kalamu na kipande cha karatasi ya kubandika.

4.0 Uchambuzi wa Michezo

4.1 Kuficha vizibo

Mchezo huu huchezwa na wanafunzi wawili wakiwa na vizibo kumi vya soda na kikombe au kifuu. Wote wawili huhesabu vizibo na kukubaliana kwamba ni kumi. Mmoja hufumba macho. Mwenzake hufunika baadhi ya vizibo na kuacha vingine wazi. Aliyefumba hufumbua, hutazama vilivyo wazi na kutaja idadi ya vilivyofichwa. Kifuniko huinuliwa na jibu huonekana. Akiwa sahihi hupata pointi, kisha hubadilishana zamu.

Sifa ya kwanza ya mchezo huu ni kwamba unajumuisha kujumlisha na kutoa katika tendo moja. Vikionekana vinne, mtoto mmoja atafikiri “nne na ngapi ni kumi?” na mwingine atafikiri “kumi kutoa nne”. Wote hufika kwenye sita, na mwalimu akiwauliza wamepataje, darasa husikia njia zote mbili. Uhusiano huo una uzito wa pekee kwa Kiswahili cha darasani, ambapo neno “kutoa” humfanya mtoto afikirie kuondoa vitu pekee. Maswali ya “imezidi kwa ngapi” na “bado ngapi zitimie” hubaki yakionekana kuwa jambo jingine kabisa, ilhali muuza duka anayerudisha chenji ya shilingi 500 kwa bidhaa ya 300 huhesabu kwenda juu kutoka 300 na hapati jibu tofauti na la anayetoa.

Sifa ya pili ni kwamba vizibo vyenyewe ndivyo msahihishaji. Mchezo ambao majibu yake yanathibitishwa na mwalimu pekee hauwezi kuchezwa na jozi thelathini kwa wakati mmoja; kwa hakika, jozi zitakazokosa msaada zitafanya mazoezi ya makosa. Hapa kifuniko kinapoinuliwa hakuna ubishi.

Idadi huongezwa kadiri umahiri unavyokua. Walioshika kumi hupewa vizibo kumi na viwili, kisha kumi na vitano. Kwa walio nyuma, kuanza na vitano si aibu, na kwa kuwa kila jozi inatazama vizibo vyake, tofauti hiyo haitangazwi mbele ya darasa.

4.2 Mdako

Mdako hujulikana kwa watoto wa sehemu nyingi za Tanzania. Kishimo kidogo huchimbwa ardhini na kutiwa kokoto. Mchezaji hurusha kokoto moja juu na, kabla haijarudi mkononi, huchota nyingine kutoka kishimoni. Hurusha tena na kurudisha zote isipokuwa moja. Katika mizunguko inayofuata hubakiza mbili mbili, kisha tatu tatu, na kuendelea. Aliyechota kokoto saba katika mzunguko wa tatu hupaswa kurudisha nne, yaani 7 − 3.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba watoto hawa tayari wanafanya mazoezi ya kutoa. Hitimisho hilo linahitaji tahadhari. Mchezaji hodari hutazama kokoto tatu anazozitaka, huzitenga kwa jicho, na kusukuma zilizobaki bila kujua ni ngapi. Hesabu iko ndani ya mchezo lakini haipiti akilini. Ili mdako uwe zoezi la kutoa, kanuni moja huongezwa: kabla ya kurusha mara ya pili, mchezaji hutaja kwa sauti alichochota na atakachorudisha, “saba, narudisha nne”, na wenzake hukubali au kukataa. Kanuni hiyo hupunguza kasi ya mchezo, na watoto waliouzoea huweza kuilalamikia. Aidha, ushindi katika mdako hutegemea wepesi wa mkono, na mchezo wenyewe huhusishwa zaidi na wasichana. Mwalimu anayeutumia hana budi kuyazingatia hayo.

Tahadhari hiyo inahusu bao pia. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, limetajwa mara nyingi kama hazina ya hisabati ya wenyeji, na ndivyo lilivyo kwa upande wa mipango na utabiri. Kwa hesabu kama 8 + 5 mchango wake ni mdogo: mchezaji husambaza kete moja moja na hahitaji kujua jumla. Heshima ya mchezo katika utamaduni haitoshi kuuingiza katika kipindi cha kujumlisha.

4.3 Njia ya namba

Siegler na Ramani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 nchini Marekani, waliwachezesha watoto wa awali wa familia za kipato cha chini mchezo wa visanduku vilivyoandikwa 1 hadi 10 katika mstari mmoja. Vipindi vinne vya takribani dakika 15 vilitosha kuboresha uelewa wao wa ukubwa wa namba, ilhali wenzao waliocheza mchezo kama huo wenye rangi badala ya namba hawakupata maendeleo hayo. Mwaka uliofuata watafiti hao walionyesha kwamba ubao wa mduara haukuleta matokeo ya ubao wa mstari.

Jambo linalopaswa kuzingatiwa na mwalimu wa Tanzania ni namna ya kutaja namba. Mtoto aliye kwenye 5 akipata 2 alitakiwa kusema “sita, saba”, yaani namba za visanduku anavyoviingia, na si “moja, mbili”. Kwa kutamka hivyo, kila mwendo wa kete huwa tendo la kujumlisha kwa kuendelea kutoka namba iliyopo. Njia ya namba hadi 20 huweza kuchorwa kwa chaki sakafuni au kwa kijiti uwanjani, na kurudi nyuma kwenye visanduku vya adhabu hutoa mazoezi ya kutoa. Walengwa wa utafiti huo walikuwa watoto wa awali. Kwa Darasa la Pili mchezo huu unawafaa zaidi wale ambao bado huhesabu kila kitu kuanzia moja.

4.4 Dhumna, kadi na saa

Dhumna zina vipande 28, na kila kipande ni hesabu moja ya kujumlisha kuanzia 0 + 0 hadi 6 + 6. Wanafunzi wawili hufunua kipande kila mmoja na mwenye jumla kubwa huchukua vyote. Kwa kutoa, hushindana kwa tofauti ya pande mbili za kipande. Kadi za tarakimu hufanya kazi hiyo hadi 9 + 9. Baadhi ya wazazi huweza kuzishuku kwa kuzihusisha na karata na kamari. Kuziita kadi za namba, na kuzitengeneza kwa maboksi bila picha za karata, huondoa shaka hiyo kwa sehemu kubwa.

Saa nayo inastahili kutajwa, kwa sababu mtoto wa Kitanzania huishi na zoezi la sita bila kuombwa. Simu ikionyesha 3:00 mchana, Kiswahili husema saa tisa. Ikionyesha 10:00 asubuhi, husema saa nne. Kuongeza sita na kutoa sita hutokea kila siku nyumbani, na kadi zenye nyuso za saa pande mbili hulifanya kuwa zoezi la darasani.

5.0 Michezo ya Kuondoana

Mchezo unaopendwa kuliko yote katika madarasa mengi ni ule wa wanafunzi wawili kusimama, mwalimu kuuliza swali, na aliyechelewa kuketi. Hauhitaji kifaa, huleta msisimko, na mwalimu hulidhibiti darasa. Hesabu yake, hata hivyo, ni mbaya. Katika darasa la wanafunzi 60, raundi ya kwanza huwatoa 30. Nusu ya darasa imejibu, au imeshindwa kujibu, swali moja. Bingwa hujibu takribani sita. Waliotoka mapema ndio waliochora vijiti, na wanaobaki ndio wasiohitaji mchezo.

Katika kuficha vizibo, wanafunzi watatu wa dawati moja hupokezana nafasi. Ikiwa kila zamu huchukua sekunde 15, dakika 20 hutoa zamu 80, yaani zaidi ya majibu 26 kwa kila mwanafunzi, akiwemo yule wa mwisho. Tofauti kati ya swali moja na majibu 26 haiwezi kufidiwa na shangwe.

Lipo pia suala la woga. Mtoto aliyeketishwa mbele ya wenzake kwa kuchelewa sekunde moja hujifunza kubahatisha haraka kuliko kufikiri, na akibahatisha mara nyingi hukumbuka bahati mbovu badala ya jibu. Kasi ina nafasi yake, lakini inafaa ipimwe dhidi ya rekodi ya mwanafunzi mwenyewe: jozi ilifikisha zamu ngapi jana, na leo zimekuwa ngapi.

6.0 Utekelezaji katika Darasa Kubwa

Pingamizi la kawaida ni kwamba michezo haiwezekani penye wanafunzi 90. Dawati la watu watatu, linalolalamikiwa kwa haki, hapa hutoa mpangilio tayari: mmoja huficha, mmoja hujibu, wa tatu huwa mwamuzi anayeandika pointi. Madawati 30 yanahitaji vizibo 300, ambavyo darasa huweza kuvikusanya kwa wiki moja au mbili kutoka madukani na kwenye sherehe. Kelele ni tatizo halisi zaidi kuliko vifaa, hasa penye ukuta usiofika darini. Kikombe cha plastiki hupunguza mlio, na sharti la jibu kuonyeshwa kwa vidole hewani badala ya kutamkwa huwezesha mchezo kuendelea wakati darasa jirani linafanya mtihani. Sharti hilo lina kasoro moja: linarudisha vidole mchezoni. Hivyo basi, inafaa vionyeshwe kwa mara moja, sita kwa pamoja, na siyo kimoja kimoja.

Michezo yote iliyochambuliwa hutanguliwa na uelewa wa maana. Mwanafunzi asiyejua kwamba kutoa ni nini hatafundishwa na kikombe. Vilevile, 13 − 8 na hesabu nyingine za kutoa zinazovuka kumi hubaki ngumu hata kwa aliyeshika kujumlisha, na zinahitaji mchezo wake: vizibo kumi na vitatu, vinane vimeachwa wazi, na swali la kupitia kumi, “kutoka nane hadi kumi ni ngapi, na kutoka kumi hadi kumi na tatu ni ngapi?”

Wakati madawati yanacheza, mwalimu huwa huru kufanya kile ambacho kuimba jedwali hakumruhusu. Hupita na kuketi karibu na mwanafunzi mmoja kwa dakika moja, humuuliza 6 + 7, na kutazama: midomo inayochezacheza, kichwa kinachotikisika mara saba, vidole chini ya dawati, au jibu linalotoka bila chochote kati ya hivyo. Akiwafikia wanafunzi watano kila siku, atakuwa amelipitia darasa la watu 90 ndani ya siku 18 za masomo, na orodha ya hesabu zinazomsumbua kila mmoja ndiyo itakayoamua vizibo vingapi vitiwe chini ya kikombe chake.